Bibi Frances Willard Ajifunza Baiskeli

Baiskeli unaijua. Umeiona ikibeba gunia la mahindi kwenda mashineni. Umeiona ikibeba madumu ya maji. Pengine umeiona ikibeba mgonjwa kwenda zahanati. Watoto wa kijijini huanza kuiendesha kabla miguu yao haijafika chini vizuri. Hupitisha mguu katikati ya vyuma, huenda wakiyumba, huanguka, hucheka, kisha hupanda tena.

Kwa mtu mzima mambo ni tofauti. Mtu mzima anaogopa kuanguka. Tena anaogopa kuchekwa kuliko kuanguka. Ndiyo sababu watu wengi wakishafika umri fulani husema kwamba wakati wao wa kujifunza umepita.

Katika somo hili utasoma habari za mwanamke mmoja aliyeshinda hofu hiyo. Jina lake ni Frances Willard. Aliishi Marekani, na alifariki zaidi ya miaka 120 iliyopita. Katika siku zake alikuwa mmoja wa wanawake waliojulikana sana katika nchi yake. Alikuwa mwalimu na kiongozi. Lakini hapa tutatazama zaidi jambo moja dogo alilolifanya alipokuwa na umri wa miaka 53. Alijifunza kuendesha baiskeli.

1. Mtoto wa shambani

Frances alizaliwa tarehe 28 Septemba 1839 katika kijiji cha Churchville, jimbo la New York. Baba yake aliitwa Josiah, na mama yake aliitwa Mary. Alikuwa na kaka, jina lake Oliver. Baadaye akapata mdogo wa kike, naye akaitwa Mary kama mama.

Frances alipokuwa bado mdogo sana, wazazi wake walihamia Oberlin, katika jimbo la Ohio. Walikwenda huko kutafuta elimu. Huko Oberlin kulikuwa na chuo kilichopokea wanaume na wanawake pamoja. Jambo hilo lilikuwa geni kabisa siku zile. Baba na mama, wote wawili wakiwa watu wazima wenye watoto, walisoma hapo. Kwa hiyo Frances aliona tangu utoto kwamba hata mzazi anaweza kushika kitabu na kuwa mwanafunzi.

Mwaka 1846 baba alikuwa mgonjwa wa kifua. Jamaa nzima ilifunga mizigo ikasafiri kwa magari ya kukokotwa mpaka Wisconsin, mbali upande wa magharibi. Wakapata shamba karibu na mji wa Janesville, kando ya mto uitwao Rock River. Majirani walikuwa wachache. Shule haikuwapo karibu. Mama ndiye aliyewafundisha watoto nyumbani.

Frances alipenda sana maisha ya nje. Alipanda miti. Alikimbia mashambani na kaka yake. Alipenda kushika nyundo na msumeno kuliko sindano na uzi. Alitaka hata jina lake lifupishwe liwe Frank, ambalo ni jina la kiume, na jamaa zake wakalizoea.

Kisha akatimiza miaka 16. Desturi ya siku zile ilisema kwamba msichana wa umri huo ni mwanamke sasa. Akavishwa gauni refu linaloburura chini. Nywele zake zikafungwa juu na kubanwa kwa pini. Kuanzia siku ile hakuweza tena kukimbia wala kupanda miti. Frances alisikitika sana. Likumbuke jambo hili, ndugu msomaji, maana tutalirudia mbele.

Mwaka 1856 kulikuwa na uchaguzi wa rais. Baba na Oliver walivaa nguo nzuri, wakapanda gari, wakaenda kupiga kura. Frances na mdogo wake walibaki dirishani wakiwatazama. Yeye aliipenda nchi yake sawa na kaka yake, lakini sheria haikumruhusu kupiga kura kwa sababu alikuwa mwanamke. Uchungu wa siku ile haukumtoka.

2. Mwalimu

Mwaka 1858 jamaa yao ilihamia Evanston, karibu na mji wa Chicago. Frances akaingia chuo cha wanawake, akamaliza mwaka 1859. Mwaka uliofuata akaanza kazi ya ualimu.

Miaka ile ilikuwa na misiba. Mwaka 1862 mdogo wake Mary alikufa kwa kifua kikuu. Mwaka 1868 baba naye akafariki. Frances alikuwa amechumbiwa, lakini uchumba ulivunjika. Hakuolewa tena maisha yake yote.

Alisafiri nchi za Ulaya kwa miaka miwili hivi, akafika hata Misri. Aliporudi, mwaka 1871, alifanywa mkuu wa chuo cha wanawake pale Evanston. Ni wanawake wachache sana waliokuwa na cheo kama hicho. Baadaye chuo chake kiliunganishwa na chuo kikubwa cha wanaume. Hapo hakupatana na wakubwa wa chuo kuhusu mamlaka yake. Mwaka 1874 akajiuzulu. Alikuwa na miaka 34, hana mume, hana kazi, na mama yake alimtegemea.

3. Wanawake wanaupinga ulevi

Wakati ule ulevi ulikuwa umeziharibu nyumba nyingi Marekani. Mume alipokea mshahara Jumamosi, akapita kilabuni, akafika nyumbani mikono mitupu. Mke hakuwa na la kufanya. Katika sehemu nyingi sheria haikumlinda vya kutosha, wala hakuwa na kura ya kuibadili sheria. Bila shaka, ndugu msomaji, hali kama hiyo si ngeni kwako.

Mwaka 1874 wanawake wengi walikutana katika mji wa Cleveland. Wakaanzisha chama cha wanawake Wakristo cha kupinga ulevi. Frances Willard akachaguliwa kuwa katibu. Mwaka 1879 akawa rais wa chama, na alibaki katika cheo hicho mpaka alipokufa.

Chama kikakua. Kikapata wanachama zaidi ya laki moja. Kikawa chama kikubwa kuliko vyama vyote vya wanawake Marekani kwa wakati ule. Bibi Willard alisafiri kwa treni mwaka baada ya mwaka. Alihutubia katika miji mikubwa na midogo.

Hakuzungumza habari za pombe tu. Aliwaambia wanachama kwamba matatizo yote yamefungamana. Alitaka wanawake wapate kura. Alitaka wafanyakazi wasizidishiwe saa za kazi. Alitaka sheria iwalinde wasichana wadogo dhidi ya wanaume. Siku zile katika majimbo mengi sheria ilimhesabu msichana wa miaka 10 au 12 kuwa amekwisha kua vya kutosha kulala na mwanamume. Chama chake kilipigana mpaka majimbo mengi yakaipandisha miaka hiyo.

4. Huzuni na uchovu

Mwezi wa Agosti 1892 mama yake alifariki. Mama huyo alikuwa mwalimu wake wa kwanza na rafiki yake mkubwa. Bibi Willard alivunjika moyo. Mwili wake pia ulikuwa umechoka. Alikuwa na ugonjwa wa kupungukiwa damu. Kwa miaka mingi alikuwa amekaa kwenye treni, kwenye meza ya kuandikia, na kwenye viti vya mikutano. Hakuwa amepumzika, wala mwili wake haukuwa umepata mazoezi.

Alikwenda Uingereza kwa rafiki yake, Lady Henry Somerset. Bibi huyo alikuwa mtu wa cheo na tajiri, na ndiye aliyeongoza chama cha wanawake wa Uingereza cha kupinga ulevi. Kati ya mwaka 1892 na 1894 Bibi Willard alikaa sana huko. Ndipo rafiki yake alipompa zawadi. Zawadi hiyo ilikuwa baiskeli.

5. Baiskeli ya siku zile

Kabla ya kuendelea, tujue baiskeli yenyewe ilitoka wapi.

Zamani kidogo baiskeli ilikuwa na gurudumu kubwa sana mbele na dogo sana nyuma. Gurudumu la mbele liliweza kufika kifuani mwa mtu mzima. Mwendeshaji alikaa juu kabisa. Akigonga jiwe, alirushwa mbele kwa kichwa. Vijana wa kiume wenye nguvu ndio waliothubutu kuipanda.

Mwaka 1885, katika mji wa Coventry huko Uingereza, mtu aitwaye John Kemp Starley alitengeneza baiskeli ya namna nyingine. Magurudumu yake yalikaribia kulingana. Pedali zilikuwa katikati, na cheni ilizungusha gurudumu la nyuma. Miguu ya mwendeshaji iliweza kugusa chini. Baiskeli unayoiona kijijini kwenu leo ni mjukuu wa baiskeli ile.

Lakini magurudumu yalikuwa bado magumu, na barabara zilitingisha mifupa. Mwaka 1888 daktari mmoja wa mifugo katika mji wa Belfast, John Boyd Dunlop, alitengeneza tairi lenye upepo ndani. Alilifanya kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Tangu hapo safari ikawa laini, na baiskeli zikaenea upesi.

Wanawake nao wakaanza kupanda. Hapo maneno yakawa mengi. Baadhi ya madaktari walisema kwamba baiskeli itaharibu mwili wa mwanamke, hata sura ya uso wake. Baadhi ya viongozi wa dini walisema ni aibu. Wengine waliogopa jambo moja tu, ila hawakulisema wazi. Mwanamke mwenye baiskeli anaweza kwenda anakotaka bila kungoja kupelekwa.

6. Siku za kujifunza

Bibi Willard hakuwa mgeni kabisa wa hatari hizo. Miaka kadhaa nyuma aliwahi kupewa baiskeli ya magurudumu matatu. Alianguka nayo, akaumia mkono. Kwa hiyo hofu yake haikuwa ya bure.

Basi kwa nini alijaribu tena? Yeye mwenyewe alitoa sababu zake. Tangu utoto alipenda mambo ya kujasiri, na kwa miaka mingi alikuwa amezuiwa. Alitaka pia kukijua chombo hiki kipya na kukiweka chini ya miguu yake. Na sababu nyingine ni kwamba watu wengi walisema hataweza kwa umri wake.

Kwanza alitafuta nguo ya kufaa. Aliacha gauni la kuburura. Akavaa sketi iliyokomea juu ya ardhi kiasi cha vidole vinne, blauzi, kofia ya majani, na viatu vya kutembelea. Nguo ilikuwa ya heshima, lakini haikuweza kunaswa na cheni.

Kisha masomo yakaanza. Siku za mwanzo vijana watatu Waingereza waliishika baiskeli huku yeye akipanda. Baadaye wasichana wawili waliishika, mmoja huku na mmoja huku, wakisukuma mpaka nyuso zikawa nyekundu. Baada yao akabaki msaidizi mmoja tu, akitembea kando na kushika katikati ya usukani. Mwisho Bibi Willard aliwaomba waachie mikono, lakini wasiende mbali. Wasimshike, ila wawepo.

Angalia hatua hizo, ndugu msomaji. Watu watatu, halafu wawili, halafu mmoja, halafu hakuna mkono. Ndivyo mtu anavyojifunza karibu kila jambo. Wewe ulipojifunza kusoma, mwalimu alikushika mkono ukaandika herufi ya kwanza. Baadaye alisimama nyuma yako tu. Leo unausoma ukurasa huu peke yako.

Kuna mambo aliyoyagundua juu ya baiskeli. Mambo hayo ni kweli hata leo.

Jambo la kwanza ni macho. Akitazama gurudumu la mbele, baiskeli iliyumba. Akitazama mbele anakokwenda, ilinyooka.

Jambo la pili ni mwendo. Baiskeli iliyosimama haisimami, huanguka. Inayokwenda ndiyo inayokaa sawa. Mwanafunzi mwoga hukanyaga polepole sana, na kwa sababu hiyo huanguka. Baiskeli ikianza kulalia upande mmoja, geuza usukani kidogo upande uleule, nayo itainuka. Ukiugeuza upande wa pili, utakuwa chini.

Jambo la tatu ni hofu yenyewe. Alitambua kwamba mara nyingi baiskeli haikuwa na kosa. Moyo ulisita kwanza, ndipo mikono ikasita, ndipo gurudumu likayumba.

Hakujifunza kwa siku moja. Alihesabu muda wake vizuri. Alifanya mazoezi kiasi cha dakika 15 kwa siku, kwa muda wa miezi mitatu hivi. Alijifunza mambo manne kwa zamu. Kwanza kukanyaga pedali. Pili kugeuka. Tatu kushuka. Nne kupanda mwenyewe bila msaada.

Chukua kalamu tufanye hesabu. Miezi mitatu ni siku 90. Dakika 15 mara 90 ni dakika 1,350. Saa moja ina dakika 60. Kwa hiyo jumla ni saa 22 na nusu. Hazifiki hata saa za usiku na mchana mmoja! Haba na haba hujaza kibaba. Mtu mzima mwenye kazi nyingi hapati siku nzima ya kujifunza. Lakini dakika 15 anaweza kuzipata.

Tarehe 20 Januari ilikuwa siku yake kubwa. Kabla ya hapo alikuwa ameshapanda mara kadhaa bila kushikwa, lakini daima rafiki alisimama karibu kumtia moyo. Siku ile hapakuwa na mtu wa kumtia moyo. Alikusanya nguvu zake zote, akapanda, akaenda zake peke yake.

Tangu utotoni hakuwa ameonja uhuru kama ule. Msichana wa Janesville aliyevishwa gauni refu akiwa na miaka 16 alipata tena mwendo wake akiwa na miaka 53.

Baiskeli yake aliipa jina. Aliiita Gladys. Katika lugha yake jina hilo linakaribiana na neno lenye maana ya furaha. Alisema kwamba ilimletea afya na moyo mwepesi.

7. Kujitambulisha kwa wenzake

Baada ya kujua kuendesha, Bibi Willard hakunyamaza. Aliandika kitabu kidogo, kikatolewa mwaka 1895. Kilieleza jinsi alivyojifunza, hatua kwa hatua.

Katika kitabu hicho alijitambulisha kwa waendeshaji wenzake na kwa wale waliotaka kuanza. Hakujitambulisha kama rais wa chama kikubwa. Alijitambulisha kama mwanafunzi. Alitaja umri wake wazi, ingawa wanawake wa siku zile waliuficha. Alieleza hofu yake. Alieleza waliomshika na kumsukuma. Alitaja siku ngapi zilihitajika.

Kwa nini jambo hili lilikuwa na maana? Katika mwaka huo wa 1895 watu wazima wengi walikuwa wakianza baiskeli. Mjini London walikusanyika katika bustani ya Battersea Park, wanaume na wanawake. Mgeni wa baiskeli alifika akiwa na aibu. Alidhani ni yeye peke yake asiyejua. Lakini akisikia kwamba mtu mkubwa, mwenye umri mkubwa kuliko wake, alianza kwa kuyumba vilevile, aibu ilipungua.

Wewe nawe unaijua siku ya kwanza ya darasa la kisomo. Kila mtu anasimama, anataja jina lake, anakotoka, na kazi yake. Wengine wanataja umri kwa sauti ya chini. Kisha mzee mmoja anasema hajui hata herufi moja, na darasa zima linapumua. Mtu anayejitambulisha kwa ukweli huwafungulia wengine mlango.

8. Somo alilochelewa kulijifunza

Ndugu msomaji, habari za mtu mkubwa hazikamiliki tukieleza mema yake tu. Bibi Willard alikuwa na kosa, nalo lilikuwa zito.

Katika miaka hiyo watu weusi wa kusini mwa Marekani walikuwa wakiuawa na makundi ya watu weupe. Waliuawa bila kufikishwa mahakamani. Mara nyingi wauaji walidai kwamba waliouawa waliwashambulia wanawake weupe, na mara nyingi madai hayo yalikuwa ya uongo.

Mwanamke mweusi aitwaye Ida B. Wells alijitolea maisha yake kuufichua uongo huo. Alizaliwa mtumwa mwaka 1862 katika jimbo la Mississippi. Alikuwa mwalimu, kisha mwandishi wa magazeti. Alikwenda Uingereza mwaka 1893, na tena mwaka 1894, kuwaeleza watu habari za mauaji hayo.

Mwaka 1890 Bibi Willard alikuwa amezungumza na gazeti moja. Katika mazungumzo hayo aliwasema vibaya watu weusi wa kusini kuhusu ulevi na kuhusu usalama wa wanawake. Maneno yale yaliwapa nguvu wauaji. Mwaka 1894 Wells aliyatangaza tena maneno hayo huko Uingereza, ili watu wajue. Bibi Willard na rafiki yake Lady Henry Somerset walikasirika. Bibi Willard alijibu kwamba yeye anayapinga mauaji hayo. Lakini alisitasita. Aliogopa kuwapoteza wanachama weupe wa kusini. Wells hakuridhika, na alikuwa na haki ya kutoridhika.

Tazama jambo hili. Mwanamke aliyekubali vijana wamshike na kumsahihisha juu ya baiskeli, hakukubali upesi kusahihishwa na mwanamke mweusi aliyekuwa mdogo wake kwa miaka 22. Kuanguka kutoka baiskeli kunauma mwili. Kuambiwa kwamba umewakosea watu kunauma zaidi. Lakini katika jambo la kwanza aliyeumia ni yeye tu. Katika jambo la pili walioumia ni watu wengine, nao walikuwa wakipoteza maisha yao.

Basi tusijifunze kwake ujasiri tu. Tujifunze pia hatari ya kuchagua somo moja na kulikataa jingine.

9. Mwisho wa maisha yake

Bibi Willard aliendelea kufanya kazi, lakini afya yake haikurudi kabisa. Alifariki tarehe 17 Februari 1898 katika mji wa New York, kwa ugonjwa wa mafua makali. Alikuwa na miaka 58.

Hakuishi kuona wanawake wa nchi yake yote wakipata kura. Jambo hilo lilitimia mwaka 1920, miaka 22 baada ya kifo chake.

Mwaka 1905 sanamu yake iliwekwa katika jengo la bunge mjini Washington, katika ukumbi wa sanamu za watu mashuhuri. Yeye ndiye mwanamke wa kwanza kuwekwa humo. Nyumba yake ya Evanston imehifadhiwa. Wageni wanaokwenda huko huonyeshwa meza yake, vitabu vyake, na ile baiskeli yake, Gladys.

Ndugu msomaji, sanamu ni ya wachache. Baiskeli na kitabu ni vya watu wote. Kama kuna jambo unaloliogopa kwa sababu ya umri wako, liwe ni kuandika barua, kushona kwa cherehani, kupiga hesabu za duka au kupanda baiskeli, anza na dakika 15. Tafuta watu wa kukushika. Ukianza kuweza, waambie waachie, ila wasiende mbali. Na ukishaweza, usisahau kumshika mwenzako aliye nyuma yako.

Maswali ya kujadili darasani

1. Bibi Willard aliacha kukimbia na kupanda miti akiwa na umri gani? Kwa nini?

2. Taja mambo manne aliyojifunza juu ya baiskeli, moja baada ya jingine.

3. Kama utasoma dakika 15 kila siku kwa mwezi mmoja wenye siku 30, utakuwa umesoma kwa saa ngapi?

4. Je, kijijini kwenu wanawake huendesha baiskeli? Watu husema nini juu yao? Maneno hayo yana ukweli?

5. Kwa nini ilikuwa vigumu kwa Bibi Willard kumsikiliza Ida B. Wells? Je, umewahi kuona mtu mkubwa akikataa kusahihishwa? Madhara yake yalimpata nani?

6. Jitambulishe kwa wenzako kwa maandishi. Andika jina lako, umri wako, jambo moja ulilojifunza ukiwa mtu mzima, na mtu aliyekusaidia. Kisha lisomee darasa.